Jumamosi Tuliyomnyima

Watu wa Kigali hawana Jumamosi. Nasema hivyo nikijua ninachosema, maana Jumamosi zao ndizo zinazonilisha. Nina duka la kukodisha mishanana hapa Kibagabaga, yale mavazi mepesi ya kufunga begani ambayo mwanamke hapa hathubutu kwenda kwenye posa bila kuyavaa. Katikati ya wiki duka ni kimya, napiga pasi, nashona pindo zilizochanika, nasugua poda na rangi za midomo za watu kwenye vitambaa. Ikifika Ijumaa ni vurugu tupu. Jumamosi hii posa, ijayo harusi, inayofuata watu wanakwenda kumaliza matanga, na ile ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi, kila mtaa unatoka na majembe yake na mafagio yake. Ukikosa mahali pamoja utaulizwa. Hutaulizwa usoni, sisi si watu wa kuulizana usoni. Utaulizwa siku shughuli itakapokuwa yako, utakapoangalia viti na kuona havina watu.

Kwa hiyo mtu akija kuniambia anataka Jumamosi ya kupumzika tu, isiyo na bibi harusi wala maiti, mimi nacheka. Siku ile pia nilicheka, na ninajuta.

Aliyenijia ni rafiki yangu mwalimu, anayekaa Batsinda kwenye zile nyumba za bei nafuu. Tuko wanawake wanne tuliolelewa pamoja Tanzania, kule Kagera, watoto wa wakimbizi wa mtaa mmoja, na tuliporudi huku na wazazi wetu hatukuachana. Tukikutana tunaongea Kiswahili chetu kilekile, ndiyo maana majirani wanatuita Watanzania mpaka leo. Mmoja ndiye huyo mwalimu. Wa pili anajenga nyumba za kupangisha Kinyinya, kila ukimpigia simu unasikia koleo. Wa tatu ni ofisa wa serikali, mtu wa mikutano, simu mbili mkononi. Wa nne ni mimi.

Mwalimu alikuja dukani Jumatano moja baada ya vipindi, akakaa kwenye kigoda changu cha kupimia, akanionyesha simu yake. Hoteli, ng'ambo ya Ziwa Muhazi. Bwawa la maji ya moto, sauna, wanawake wenye sare nyeupe wanaokanda watu mgongo kwa mafuta. Alitaka twende sisi wanne, tufike Ijumaa jioni, turudi Jumapili. Nikamuuliza tangu lini mwalimu wa shule ya msingi akajua mambo ya spa. Nikamwambia alale pale mezani nimkande mwenyewe kwa mafuta ya kupikia, na chai nitampa juu. Alicheka vizuri tu, mpaka akafuta macho.

Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Wiki ya tano kutoka sasa, Jumanne, wananiondoa titi la kushoto."

Nilikuwa nimeshika pasi. Nakumbuka niliiweka chini nikaichomoa kwenye umeme, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa la haraka. Nikaanza kumuuliza daktari amesema nini, wamepima mara ngapi, kwa nini hakuniambia mapema. Akaninyamazisha kwa mkono, kama anavyonyamazisha darasa. Hayo yote ana mtu wa kuyaongea naye, alisema, mume wake anayajua yote. Kwangu alikuwa na ombi moja.

"Nataka niingie majini nikiwa bado mzima, na ninyi mkiwepo. Baada ya hapo sijui kama nitavua nguo tena mbele ya mtu."

Halafu akanipa sharti. Wale wawili nisiwaambie. Nikiwaambia watakuja na nyuso za msibani, watamshika mkono, watamletea juisi, watazungumza kwa sauti ya chini. Yeye alitaka wacheke, na wakicheka wacheke kweli. Nikamwahidi. Nilimwahidi haraka mno, nikiwa bado nimesimama, na kusema kweli moyoni niliona fahari kidogo kwamba amenichagua mimi.

Jioni ileile nikaunda kundi la WhatsApp nikaliita Mapumziko. Basi, hapo ndipo ungetuonea huruma. Wanawake wanne wenye akili zao, tuliolea watoto na kuzika wazazi, tulishindwa kupanga siku mbili za kukaa kwenye maji. Ofisa alitaka ratiba, saa kwa saa, na akataka tuchague mwenyekiti. Mwenzetu wa Kinyinya aliuliza kama hoteli inachoma mbuzi, kwa sababu yeye hawezi kusafiri kwenda kula majani. Akauliza pia kama huyo mkandaji ni lazima umvulie kila kitu, na akijibiwa ndiyo, basi yeye atakandwa na sweta. Tukabishana siku tatu kuhusu nani atalala na nani, maana ofisa anakoroma na hajawahi kukubali. Mwalimu hakuandika sana, ila kila jioni alinipigia tusome tena pamoja, anacheka mpaka simu inakwaruza. Zile ndizo zilikuwa siku zake nzuri, najua, na nashukuru kwamba angalau alizipata.

Tarehe ya kwanza aliichagua ofisa. Sote tukaweka kidole gumba. Ikapita siku mbili ndipo akagundua ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda! Sote wanne tumekaa mji huu miaka na miaka, na hakuna aliyeangalia kalenda. Nikasema si neno, tunaondoka Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi watu wakiwa barabarani na majembe sisi tuko kwenye sauna, nani atatuona? Ofisa akajibu kwamba tatizo ni hilohilo, hakuna atakayemwona. Yeye mtaani kwake huwa anaangaliwa kama amekuja, na baada ya kazi kuna mkutano, na wanatarajia aseme neno. Tukasogeza wiki moja.

Tarehe ya pili iliangukia kwenye slabu ya Kinyinya. Mwenzetu alikuwa amengoja mashine ya zege wiki nyingi, na sasa mwenye mashine amempa Jumamosi ile, hiyo au asubiri mwezi ujao. Zege likianza kumwagwa haliachwi katikati, kila mtu analijua hilo. Aliandika: Wapenzi, ziwa halihami. Ofisa akatuma picha ya mtu anayecheka. Mwalimu naye akatuma ileile.

Hapo hasira zikanipanda. Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Kinyinya, nikamkuta amevaa mabuti ya mpira, anawafokea watu waliopanga matofali vibaya. Nikamvuta pembeni, nikamwambia hii safari ni muhimu kwa mwalimu, asimchezee. Akanitazama. Si mjinga yule, hajawahi kuwa mjinga.

"Kwani anaumwa?" akaniuliza.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeitikia kwa kichwa tu, hata bila kufungua mdomo, na yule mwanamke angeacha slabu, na mashine, na matofali yake yote. Namfahamu. Mgonjwa kwetu haachwi. Mtu akisikia fulani kalazwa, anaondoka hata kama chungu kiko jikoni. Lakini angekuja Muhazi na thamosi ya uji na uso mrefu, na mwalimu angekaa kwenye yale maji akiangaliwa kama mtu anayeagwa. Nilikuwa nimeahidi.

"Hapana," nikasema. "Amechoka tu."

"Na nani hajachoka?" akasema, akarudi kwenye matofali yake.

Tukabaki na wikendi moja. Baada yake ilikuwa Jumatatu ya kulazwa na Jumanne ya kukatwa. Safari hii sikutaka mchezo. Niliwapigia mmoja mmoja, nikawapa maneno makali, nikaweka vyumba viwili vinavyopakana, nikampata dereva. Ofisa alighairi mkutano wa kanisani. Wa Kinyinya alisema slabu inahitaji kumwagiliwa maji tu, hata mtoto anaweza. Mwalimu akanunua nguo ya kuogelea, ya bluu, yenye mikanda mipana, akaja kuijaribu dukani kwangu nyuma ya pazia. Nikataka kuchungulia, akanifukuza. Akasema nitaiona majini.

Hii ilikuwa Jumatatu. Alhamisi akaja mama wa bibi harusi.

Ni jirani yangu, mteja wangu wa siku nyingi. Niliwavalisha binti zake wawili wa kwanza, na Jumamosi ile anaposwa wa tatu. Mishanana yake ilikuwa tayari imekunjwa kwenye mifuko, na mwanamke ninayefanya naye kazi ndiye aliyekuwa aende kuwavalisha. Asubuhi ile huyo mwanamke akanipigia simu kutoka Huye. Shemeji yake amefariki, haji mpaka wiki ijayo. Nikamweleza jirani, nikamtajia mama mwingine Kimironko anayejua kufunga mishanana vizuri. Hakupandisha sauti. Alikaa palepale kwenye kigoda, akafungua mkoba, akaufunga. Akasema hawezi kumkabidhi mtoto wake kwa mtu asiyemjua, siku watu wote wanamwangalia. Akasema kama mimi nina safari, basi, atajua la kufanya. Halafu, akiwa mlangoni, akaniuliza habari za binti yangu, na kama bado ni Desemba.

Ni Desemba. Binti yangu wa kwanza anaposwa Desemba, na huyu mama ndiye niliyekuwa nimemwomba akae mstari wa mbele upande wetu, yeye na mashangazi zake wote, kwa kuwa mimi kwa mume wangu marehemu sina watu wengi waliobaki. Hakunitisha. Aliniuliza tu.

Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Ningeweza kuwaambia wenzangu waende bila mimi, vyumba vipo, dereva yupo. Nililifikiria hilo, nisijisafishe hapa. Nililifikiria na sikulipenda. Sikutaka wacheke bila mimi. Mimi ndiye niliyejua, mimi ndiye niliyepanga, halafu wao ndio wamwone anaingia majini? Nikajiambia Jumapili tutatafuta namna. Nikaandika kwenye kundi: Jamani, nimepata dharura ya kazi, tusogeze wiki moja.

Ofisa aliweka kidole gumba kabla sijaweka simu chini. Wa Kinyinya akaandika kwamba afadhali, roho yake ilikuwa kwenye ile slabu. Nikangoja jina la tatu. Lilichelewa. Kisha likaja na neno moja: Sawa.

Angesema nini kingine? Angeandika kwamba wiki ijayo hatakuwa na kitu cha kuingiza majini? Alinifunga mdomo mimi, naye kwa kufanya hivyo akajifunga wa kwake, na mimi nikapita hapohapo. Nilimpigia mara tatu ndipo akapokea. Nikamwambia twende Jumapili, sisi wawili tu, asubuhi kwenda jioni kurudi. Alisema Jumapili ana sare za watoto za kufua na kupanga vitu vya hospitali. Alisema nisijali, kazi ni kazi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na mimi nilitaka sana iwe ya kawaida, kwa hiyo nikaamini.

Jumamosi nikamvalisha bibi harusi. Alipendeza, siwezi kukataa. Nje kwenye mahema wazee wa pande mbili walizungumza saa nzima na robo, upande mmoja unajifanya haujui wageni wamefuata nini, upande mwingine unasifia ng'ombe ambao hakuna aliyewaona, na watu wanapiga makofi kwa utani ambao mimi nausikia kila wiki. Mimi nilikuwa chumbani na mashangazi wanane, nafunga begani, nafungua, nafunga upya, maana kila mmoja anaona wa mwenzake umekaa vizuri zaidi. Ilipofika saa tisa nikatoka nyuma kupata hewa. Jua lilikuwa kali, siku nzuri ya maji. Nikaangalia simu, hakuna aliyeandika kitu kwenye kundi. Akapita mama wa bibi harusi, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema Desemba watakuja wote. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa moyo, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumanne wakamkata. Jumatano habari zikatoka, maana mume wake alimwambia mwalimu mmoja anayefundisha na mkewe, na huyo akamwambia mtu. Ofisa alinipigia akilia, akiniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia nimesikia sasa hivi kama yeye. Ndiyo, nilidanganya. Kufikia saa kumi jioni tulikuwa sote wodini. Ofisa alitoka katikati ya mkutano, beji ikiwa bado shingoni. Wa Kinyinya alikuja na saruji kwenye kucha. Thamosi ya uji ilikuwepo, juisi ilikuwepo, mapera, ndizi za kuiva, shuka jipya. Walimu wenzake walijaa mpaka kwenye korido. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni tarehe ngapi au akasema tusogeze. Nilisimama miguuni pa kitanda nikawatazama watu wote wale walivyopata nafasi siku ya kazi, katikati ya wiki, nikasikia uchungu mpaka kwenye meno. Mwalimu alikuwa amefumba macho, blanketi limepandishwa hadi kidevuni.

Wiki sita baadaye tulikwenda kumwona nyumbani Batsinda, watatu. Alikuwa amepungua, lakini amekaa sebuleni mwenyewe, amevaa blauzi pana, ameweka kitenge begani upande wa kushoto. Alitukaribisha vizuri, akauliza watoto, akauliza slabu imefikia wapi. Ofisa hakuweza kungoja. Alitoa simu yake moja akamwonyesha: hoteli ileile, siku tatu, wameshapiga simu, wameshazungumza na wahudumu, watampa mtu wa kumhudumia peke yake. Wa Kinyinya alidakia kwamba achague siku yoyote, akisema kesho, ni kesho, mafundi wake watajijua. Walisema kwa upendo, na macho yao yalikuwa yamelowa. Mimi nilisema ndiyo, ndiyo, siku yoyote.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawashukuru wote wawili kwa majina yao ya utotoni. Akasema waende wao, wamwambie maji yalikuwaje, yeye maji hayahitaji tena. Walipoanza kumbembeleza akainuka, akasema anakwenda kuangalia chai. Nikamfuata jikoni nikaichukua birika mkononi mwake kabla hajainyanyua, maana mkono ule ulikuwa bado hauna nguvu. Nikafunga mlango. Nikaanza kumwambia kwamba wale wawili wanaumia sana, kwamba usiku hawalali, asiwachukie kwa zile tarehe zao.

"Siwachukii," alisema. "Wale hawakujua."

Aliegemea sinki, akatengeneza kitenge begani, akaniangalia kwa utulivu tu, kama mtu aliyekwisha kufikiri jambo akalimaliza.

"Wewe ulijua."

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa na yule mwanamke wa Huye na shemeji yake aliyefariki, nilikuwa na jirani na mkoba wake, nilikuwa na Desemba ya binti yangu, yote yamejipanga kwenye ulimi. Nikayasikia kichwani jinsi yatakavyosikika humo jikoni, nikayaacha. Alinipa vikombe vinne, kimoja kimoja, akaniambia nitangulie, wageni wasikae bila kitu. Nikapeleka chai sebuleni, nikawamiminia, na wenzangu wakaniuliza amesemaje. Nikawaambia hajasema kitu.